Dirisha Lililoona Mawingu Tu

Sisi tulioota meno Mjerumani akiwa bado anatawala tumebaki wachache, na tukikutana siku hizi tunaongea kwa sauti ya juu kwa sababu masikio nayo yamechoka. Vijana wakituona tunacheka kwenye benchi la zahanati wanadhani tumechanganyikiwa. Hatujachanganyikiwa. Tunakumbushana tulivyokuwa, na wao hawakuwapo, basi watuache tucheke.

Mimi nilizaliwa upande wa Bahi, kwenye tembe ya babu yangu mzaa baba. Mvua zikiwa njema maji ya mbuga yalisogea mpaka karibu na mashamba, na kambale walishikwa kwa vikapu. Mvua zikigoma, hata chura hukumsikia. Wewe uliyekulia kwenye tembe huna haja ya kuelezwa, lakini wajukuu zetu waliozaliwa chini ya bati wanadhani tembe ni banda la kuku, kwa hiyo niseme kidogo kwa ajili yao. Ilikuwa nyumba ndefu ya nguzo na fito, iliyokandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Paa lake lilikuwa bapa, la udongo pia. Uliweza kupanda juu ukaanika mtama, ukacheza mdako, ukapigana na ndugu yako, na chini watu wakaendelea kupika. Nyumba ilizunguka uwanja, na ng'ombe walilala humo uwanjani, katikati yetu. Ndani kulikuwa na giza, moshi, na harufu ya maziwa, ngozi na majivu. Harufu hiyo mpaka leo nikikutana nayo mahali nasimama kwanza.

Asubuhi tuliamshwa na ng'ombe, si na redio. Tulikula kiporo cha ugali wa uwele kwa maziwa ya mgando, halafu kila mtu na kazi yake. Wavulana walikwenda na mifugo. Sisi wasichana tulikuwa na maji, kuni, na kuamia ndege shambani, na katikati ya hayo tuliiba muda wa kufinyanga ng'ombe wa udongo wa mbugani. Nilikuwa na kundi langu la ng'ombe wa udongo lililonona kuliko la baba. Kila mmoja alikuwa na jina, na walipopasuka kwa jua nililia kama mfugaji kweli.

Lakini nataka kusema habari ya dirisha.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi katika chumba cha pembeni, upande wa njia iendayo mbugani. Aliwahi kuanguka akiwa na mtungi wa maji kichwani, akaumia nyonga, na tangu hapo hakutembea tena ila kwa kujikokota. Alikaa kwenye kigoda chake kifupi, mgongo kwenye nguzo, na ubavuni mwake ukutani palikuwa na tundu. Hilo ndilo lilikuwa dirisha. Babu alilitoboa mwenyewe kabla mimi sijazaliwa, lenye ukubwa wa ungo mdogo, sawasawa na uso wa mtu aliyekaa. Usiku lilizibwa kwa kipande cha ngozi kilichotundikwa kwenye vigingi. Ngozi ilikuwa imekauka na kukunjamana, na kingo za tundu zilikuwa zimebomoka hata mijusi walipita bila kuinama.

Kwa tundu lile bibi aliendesha nusu ya kijiji. Njia ilipita hatua chache kutoka ukutani, na hapakuwa na mtu aliyepita bila kuchutama, akaingiza uso karibu na tundu na kusema, "Mbukwenyi, bibi!" Naye aliitikia, kisha akauliza, na ukishaanza kuulizwa na bibi huondoki mpaka umesema yote. Nani amejifungua, nani amegombana na mkewe, kambale wamepatikana au hapana, jumbe amemkamata nani kwa ajili ya kodi. Ndama akipotea, watu hawakwenda porini kwanza. Walikuja kwa bibi.

"Mwekundu, sikio limekatwa?" angeuliza. "Amepita kabla jua halijawa kali. Amefuata mbuzi wa Ndahani. Nenda kwenye ile miiba karibu na mbuga."

Na ndama alikuwa pale. Sisi watoto tulimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Ulikuwa uko mbali, umejificha, unakaribia kutia mkono kwenye karanga za watu, unasikia sauti inatoka ukutani: "Wewe! Nimekuona!" Ukuta mzima ulikuwa na macho.

Baba yangu alikuwa mtu wa haraka na wa mikono. Jumbe alimpeleka kwenye kazi ya tuta la reli pamoja na wanaume wengine, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Alikaa huko mpaka mdogo wangu Mazoya akamsahau. Aliporudi, amekonda, mabega yamechubuka, alikuwa amebeba kichwani mbao za masanduku yaliyotupwa, na kwenye kitambaa alikuwa na misumari iliyopinda. Wengine walirudi na shuka. Mama alizitazama mbao zile, akamtazama baba, akaenda kumtekea maji ya kuoga.

Usiku ule baba hakusimulia viboko. Alisimulia nyumba ya stesheni. Alisema ina madirisha ambayo mtu anasimama wima, anaweka viwiko vyake kama bwana, anatazama nje. Yana milango yake ya mbao inayofunguka huku na huku, na mwanga unaingia mpaka kwenye pembe.

"Mama yangu hatakaa gizani kama panya wakati mimi mikono ninayo," alisema.

Kesho yake akaanza. Mzee Ndahani, jirani yetu, ambaye kazi ya mwenzake ikianza lazima aje kuisimamia akiwa amekaa, alimwambia atafute fundi kutoka Mpwapwa kwenye misheni. Baba akasema fundi wa nini, ukuta ni wa kwake na panga ni la kwake.

"Haya," Ndahani akasema. "Jumbe akiliona, atakuletea kodi ya dirisha."

"Nitamlipa kwa moshi utakaotoka humo."

Lo, siku zile zilikuwa tamu! Baba alipigilia misumari iliyopinda mpaka ikanyooka, akakata mbao kwa msumeno mdogo alioazima, akatengeneza fremu na milango miwili. Bawaba hatukuwa nazo, akatumia vipande vya ngozi ya ng'ombe. Ukuta aliulowesha kwanza kwa maji usije ukamong'onyoka wote, kisha akakata fito kwa panga, na ncha zilizobaki akazifunga pamoja kwa kamba za gome la mbuyu. Sisi tulipewa kazi ya kukanyaga udongo. Tuliukanyaga pamoja na mavi ya ng'ombe tukiimba na kurushiana, mpaka Mazoya akabaki macho tu. Mbao zilikuwa na maandishi meusi ya kizungu, nasi tukabishana yanasema nini. Mimi nilishikilia kwamba ni jina la mtengenezaji wa dirisha. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza kusoma, ndipo nilipogundua kwamba baba aliyaweka kichwa chini miguu juu.

Kabla ya kukata, baba alisimama ukutani, akaweka mkono wake kifuani kama alivyoona stesheni, akachora mstari kwa mkaa hapo. Nilimwona kwa macho yangu. Sote tulimwona, na Ndahani naye aliyekuwa na neno kwa kila kitu hakusema neno. Dirisha la heshima lilikuwa juu, na tuliona ni sawa.

Lilipokwisha, tundu la zamani likazibwa kwa udongo. Bibi aliinua mkono akapapasa pale palipokuwa pabichi, kisha akafuta vidole vyake kwenye kaniki. Baba akafungua milango miwili, mwanga ukaingia kwa kishindo, ukapita juu ya kichwa cha bibi, ukatua kwenye ukuta wa pili. Tuliona masizi kwenye miti ya dari. Tuliona vibuyu vya bibi, kumbe kimoja kilikuwa na nyufa. Watu wakaja kutazama, wakasimama nje wakiweka viwiko vyao kwenye ukingo, kila mtu kwa zamu. Walikuwa wakisema, "Lo, kama kwa Mzungu!" Baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena.

"Ni zuri, mwanangu," bibi alisema. "Mungu akuongezee nguvu."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuna aliyetegemea aseme zaidi.

Ilichukua siku kidogo mimi kuelewa kilichotokea. Watu walikuwa wakipita njiani kama kawaida, lakini sasa walikuwa hawachutami. Wangechutama wapi? Walitupa macho dirishani wakiwa wanatembea, wakaona giza na moshi, wakadhani bibi amelala, wakapita. Wengine walisalimu kwa sauti, "Mbukwenyi!", na bibi aliitikia, lakini alikuwa anaitikia kichwa kilichokwisha kupita. Na yeye mwenyewe kutoka kwenye kigoda aliona kipande cha anga. Akikaza shingo, anga. Akijikokota mpaka upande wa pili wa chumba, anga tena.

Siku moja aliniita kwa sauti ndogo. "Mjukuu wangu, geuza kile kinu, panda juu, uniambie nani anapita."

Nikapanda. Nikasema, "Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Sijui, bibi. Amejitwika."

"Amejitwika kikapu au kibuyu? Anachechemea? Anakwenda au anarudi?"

Nikatazama tena, amekwisha pita. Bibi alicheka, lakini alicheka kidogo. Nilifanya kazi hiyo ya kuwa macho yake kwa muda, na nilikuwa macho mabovu kweli. Nilimwambia ng'ombe wa Ndahani ni wa shangazi, nikamwambia mgeni ni askari kumbe ni muuza chumvi. Halafu nikachoka, nikaenda kwenye ng'ombe wangu wa udongo. Nilikuwa mtoto, na kinu kilikuwa kinateleza.

Kilichoniuma ni siku Ndahani alipopoteza mtamba wake. Alikuja moja kwa moja kwa bibi kama watu wote walivyozoea, akasimama dirishani, akaeleza rangi na pembe.

Bibi akasema, "Sijamwona."

Ndahani hakuamini. Alirudia maelezo yake polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Bibi akasema tena hajamwona. Ndahani akaondoka, na jioni nilimsikia uwanjani akimwambia mama kwamba bibi sasa umri umemfika, akili imeanza kumtoka. Na neno lile likaenea, kwa sababu Ndahani hakuwa mtu wa kubaki na neno. Ndama walipopotea watu wakaanza kwenda porini moja kwa moja. Bibi akaanza kurudisha nusu ya ugali wake. Akawa analala mchana. Tulimpoteza huku amekaa palepale.

Nilimwambia mama, "Bibi haoni nje."

"Najua," mama alisema, akiendelea kusaga. "Funga mdomo wako. Baba yako amelijenga kwa mikono yake, na bibi yako hataki aambiwe."

Hivyo ndivyo watu wa zamani walivyokuwa, na mimi sisemi walikuwa sawa katika kila kitu. Mama alikuwa mkwe, hakuwa na kauli juu ya chumba cha mama mkwe wake. Bibi alikuwa mama, na asingemwaibisha mwanawe mbele ya watu waliolisifu dirisha. Na baba hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu mwanaume mzima kwetu hakukaa jikoni kwa mama yake. Alisimama mlangoni asubuhi, akaamkia, akauliza mama umeamkaje, akajibiwa nimeamka salama, akaenda zake. Na ukisimama pale mlangoni, dirisha lilikuwa zuri sana.

Mvua ndizo zilizotusaidia. Mwaka ule zilikuja na hasira. Wenye tembe mnajua paa la udongo likishachoka linavyokuwa: kwanza tone, halafu kamba ya maji, halafu unaanza kuhamisha vyungu. Chumba cha baba kilivuja kuliko vyote, kwa sababu miezi ya kushindilia paa aliitumia kwenye dirisha. Na ndani ya uvujaji huo akashikwa na homa, homa ileile aliyokuja nayo kutoka kwenye tuta. Akawa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Pakavu palikuwa kwa bibi tu. Mama na Ndahani wakambeba, wakamlaza kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya kigoda cha mama yake, karibu na moto.

Alilala pale siku nyingi. Bibi alimnywesha dawa chungu za mizizi akamfuta jasho, na usoni akawa na uhai kidogo, maana alikuwa na kazi. Homa ilipoanza kupungua baba akawa amelala chali, macho wazi, hana nguvu ya kuinuka. Mimi nilikuwa nachochea moto. Alitazama dirisha lake kwa muda mrefu. Akageuka akaegemea kiwiko, akatazama tena. Akajikaza akakaa kitako, kichwa chake kikawa sawa na kichwa cha mama yake, na akatazama tena.

"Mama," alisema, "wewe hapa huwa unaona nini?"

Bibi alikuwa anakoroga uji. "Naona mawingu, mwanangu," alisema. "Mwaka huu yamekuwa mengi."

Baba alirudi kulala akageukia ukutani, na nilimwona akipapasa kwa kiganja pale ambapo tundu la babu lilikuwa. Udongo wa pale ulikuwa na rangi tofauti bado. Nilijua analia kwa sababu mabega yalitikisika, na homa ilikuwa imeshamwacha. Bibi alijua pia. Alimsogezea uji bila kumtazama, akasema, "Kunywa kabla haujapoa."

Mvua zilipokatika na baba kupata miguu, aliingia kwa bibi asubuhi, akaamkia, lakini hakubaki mlangoni. Aliingia akakaa chini, mgongo kwenye nguzo ileile, akamwomba bibi amwonyeshe kwa kidole tangu wapi mpaka wapi. Bibi akaonyesha. Baba akachora mkaa hukohuko chini, akalowesha ukuta, akaanza upya. Fremu ileile, mbao zilezile za kichwa chini miguu juu. Sehemu ya juu akaiziba. Ndahani alikuja akakaa kama kawaida yake.

"Umekuwaje wewe? Dirisha linawekwa magotini? Hilo la mbuzi!"

"La mama yangu," baba alisema, akaendelea kukata.

Na kweli mbuzi walilipenda. Siku ya kwanza milango ilipofunguliwa, mwanambuzi alitia kichwa ndani akala ncha ya kaniki ya bibi, na bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Lilikuwa kubwa kuliko tundu la babu mara kadhaa. Bibi aliona njia yote, mashamba, na mbuga ikimetameta kwa mbali. Mtu wa kwanza kupita alikuwa mwanamke aliyejitwika, akasita, akaona uso wa bibi uko pale, akatua mzigo wake, akachutama. "Mbukwenyi, bibi! Tuliambiwa unaumwa."

"Nani kasema?" bibi akauliza. "Kaa, anza kutoka mwanzo."

Ndahani alipopoteza ng'ombe tena, na alikuwa mtu wa kupoteza ng'ombe, bibi alimwacha aeleze rangi na pembe mpaka mwisho. Kisha akamwambia ng'ombe wake yuko nyuma yake. Tulicheka siku nzima. Bibi alikaa kwenye dirisha lile mpaka vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipotufikia, na wapagazi wakapita njia yetu wamechoka wanatazama chini. Hata wao, nakumbuka, baadhi yao walichutama wakamwamkia. Alimpa kila aliyechutama maji kwa kibuyu kile chenye nyufa.

Sasa mimi ndiye bibi. Nimeishi mjini Dodoma miaka mingi, miguu yangu imegoma, nakaa kwenye kigoda maana kwenye kiti magoti yananiuma. Mwaka huu mwanangu Elia alisema dirisha langu limeoza, atalibadilisha mwenyewe, fundi wa nini. Alikuja na futikamba, penseli sikioni, na mwanawe aliyevaa bugaluu inayofagia njia nzima kutoka stendi. Akasimama ukutani, akaweka mkono kifuani, akachora mstari.

Nikamwambia, "Elia, njoo ukae hapa."

"Mama, nina kazi."

"Kaa."

Akakaa kwenye kigoda changu, mtu mzima na kitambi chake, akatazama mstari wake. Kisha akainuka akaufuta kwa kiganja, akachora mwingine chini. Sikulazimika kumsimulia chochote, ila nilimsimulia, na mwanawe akazima redio akasikiliza.

Kwa hiyo ninalo dirisha, wenzangu. Lina vioo na nondo, bawaba zake ni za chuma kweli, na liko chini kama la bibi. Naona njia yote tangu kwenye mti wa jirani mpaka kwenye duka la kona. Vijana wanapita kwa haraka zao, mikono mifukoni, nyumba zao zina madirisha makubwa kuliko mlango wa tembe yetu na wameyafunika mapazia. Siwalaumu sana, hawakufundishwa. Mimi kila asubuhi nasogeza pazia, nakaa kitako, nawaangalia wanavyopita. Naona vizuri sana. Nangoja mmoja achutame.